Minecraft siku ya kwanza: magogo ninayo tele, lakini usiku unanikuta gizani

Mkazi wa Mbagala (mleta mada):

Wanajamvi, salaam. Nina wiki mbili tangu nianze kucheza Minecraft, ule mchezo wa kuchimba, kujenga na kunusurika usiku, kwenye simu, na nimekwama mahali ambapo mpwa wangu wa darasa la sita ananicheka waziwazi. Kila ninapoanzisha dunia mpya huanza na miti, kwa kuwa niliamini kwamba mwenye mbao nyingi hapungukiwi na kitu. Jana nilikata magogo karibu 100 kwa mkono mtupu, na jua lilipozama sikuwa na mwenge hata mmoja, wala kitanda, wala sululu ya mawe. Nilijenga kibanda cha mbao nikasahau mlango. Zombi aliingia kama mwenye nyumba, nikafa, na nilipofika tena pale baada ya kupotea njia, vitu vyote vilikuwa vimetoweka. Makaa ya mawe nimeyatafuta katika dunia tatu tofauti bila kuyaona. Je, mtu akusanye nini kwanza, na kwa kiasi gani? Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Sinza:

Mkuu, pole sana. Siku nzima ya Minecraft ni dakika 20 za saa ya ukutani, na mchana wenyewe ni kama dakika 10 tu. Gogo moja kwa mkono mtupu huchukua sekunde 3, kwa hiyo magogo yako 100 yalikula dakika 5, yaani nusu ya mchana, kabla hatujahesabu kutembea kutoka mti hadi mti. Kwa shoka la mawe gogo hilohilo halifikishi hata sekunde 1. Ukataji wa miti kwa wingi ni kazi ya baadaye, ukiwa tayari na shoka.

Nimekaa nikapiga hesabu ya siku ya kwanza. Gogo moja hutoa mbao 4. Meza ya kuundia inakula mbao 4, sululu ya mbao 3, kitanda 3, mlango 6, sanduku 8, na vijiti vya sululu mbili, shoka, upanga na mienge 16 vinahitaji mbao 6. Jumla ni mbao 30, ambazo magogo 8 yanazitosheleza. Mawe unahitaji 16 pekee: sululu 3, shoka 3, upanga 2 na tanuri 8. Usijaribu kuyavunja kwa mkono, maana utasubiri zaidi ya sekunde 7 kwa kila moja na mwisho hupati kitu. Sululu ya mbao iundwe kwanza, itumike kupata mawe hayo, kisha iachwe.

Kuhusu makaa ya mawe, acha kuyatafuta. Weka magogo 4 kwenye tanuri, chini yake mbao 3 kama kuni, na kila baada ya sekunde 10 utatoa kipande kimoja cha mkaa. Kipande kimoja na kijiti kimoja ni mienge 4. Sisi ambao tumekulia kwenye majiko ya mkaa tulipaswa kulijua hili kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa hesabu hiyo magogo 13 yanatosha: 8 ya mbao, 4 ya mkaa na 1 la kuni. Kata 16 ili usibanwe.

Mama Wawili, Kigamboni:

Ninakubaliana na hesabu ya kaka Fundi, ila mpangilio wake una kasoro: kitanda amekitaja kwa mbao tu, wakati kinachosumbua ni sufu. Zinahitajika sufu 3 za rangi moja, na kondoo akichinjwa hutoa moja tu. Kwa sababu hiyo mimi nikiona kondoo weupe watatu asubuhi, huwaendea hao kabla ya mti wa pili, kwa kuwa jioni nitakuwa nimeshasahau walikokuwa. Faida nyingine ni nyama yao, ambayo ikiliwa mbichi huongeza alama 2 za shibe, lakini ikipikwa huongeza 6. Ukilala usiku unapita, na ukifa baadaye unarudi kwenye kitanda chako badala ya kutupwa ulikoanzia. Hilo lingekusaidia jana, kwa sababu vitu vilivyoanguka hudumu dakika 5 tu ukiwa karibu navyo.

Fundi wa Sinza:

Dada, hapo umenishika. Hata hivyo zipo dunia unazoangukia jangwani na kondoo hakuna hata wa dawa. Hapo nashauri mleta mada asijenge kibanda kabisa: achimbe shimo ubavuni mwa kilima, kimo cha mtu na hatua nne ndani, azibe mlango kwa udongo na kuweka mienge miwili. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021 mazombi huzaliwa penye giza kamili tu, na mawe anayoyachimba humo yanaingia kwenye yale 16 anayoyahitaji.

Mkazi wa Mbagala (mleta mada):

Nimejaribu usiku huu. Sikupata kondoo zaidi ya wawili, mmoja mweupe na mwingine mweusi, kwa hiyo nililala shimoni bila kitanda, yaani sikulala. Lakini mkaa umetoka, mienge 16 kamili, na nje nilikuwa nawasikia mazombi wakikoroma hadi kulipokucha. Kumepambazuka na kripa mmoja, lile dubwana linalolipuka likikukaribia, amesimama mlangoni, na yeye haungui kwa jua kama wenzake. Je, huyu naye anaondolewaje?

Mama Wawili, Kigamboni:

Usifungue hapo. Chimba mlango mwingine upande wa pili.