Tupeane uzoefu: vifaa vya bei poa vya kutengenezea na kuoshea gari nyumbani. Kipi kimekulipa, kipi kimekuliza?

Baba Ractis (mwanzisha uzi):
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilimwaga barazani vitu vyote vilivyokuwa kwenye buti ya gari ili nijue nina nini. Mama watoto akapita, akaangalia, akauliza, "Hivi umefungua duka?" Kweli vilikuwa vingi, na karibu nusu sijavigusa tangu siku niliyovinunua. Ndiyo maana nimeleta uzi huu. Hebu kila mtu aseme alichonunua kwa hela yake na kilichotokea.

Naanza mimi. Kilichonilipa kuliko vyote ni kidude cha kusomea makosa ya injini, kile kidogo kama kiberiti kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuongea na simu kwa blututhi. Kimeandikwa ELM327. Nilikinunua Kariakoo kwa 20,000.

Gari yangu ni Toyota Ractis ya 2011, injini 1NZ. Ilianza kumisi. Asubuhi inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, taa ya cheki injini inawaka, nikipanda kilima inakata pumzi. Fundi wa kwanza akasema koili zote nne (zinazopeleka umeme kwenye plagi) zimekufa. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Wa tatu sikwenda. Nikachomeka kidude, nikawasha programu ya Car Scanner, ikaja kodi, yaani namba ya kosa (siyo ile ya TRA), P0301: silinda inamisi. Hiyo 1 ya mwisho ni namba ya silinda, na kwenye hii injini silinda ya kwanza ndiyo iliyo upande wa mkanda.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hapa ndipo penye utamu. Sikununua kitu. Nilifungua boliti ya koili kwa spana namba 10, nikaihamisha koili ya kwanza kwenda silinda ya tatu, ya tatu nikaileta ya kwanza. Nikafuta kodi, nikazunguka mtaani dakika kama kumi. Taa ikawaka tena. Safari hii imeandika P0303. Ugonjwa umehama na koili! Ingekuwa plagi au nozeli ya mafuta, ungebaki palepale kwenye silinda ya kwanza. Nikanunua koili moja badala ya nne, na mpaka leo gari inapumua vizuri.

Kilichoniliza: kifyonza vumbi cha kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Kelele kama mashine ya kusaga, lakini mchanga kwenye kapeti unakiangalia tu. Watoto wanakichezea sasa.

Karibuni.

Mzaramo Mpole:
Nakaa hapa, chai ninayo.

IST Nyeusi:
Mkuu Baba Ractis, mimi hicho kidude nilinunua vilevile, kwenye IST yangu ya 2004 kikagoma kabisa. Simu inakiona, kidude kinawaka taa, lakini injini haijibu. Nikarudi dukani wakanibadilishia, cha pili nacho ni kilekile. Nimetapeliwa au?

Fundi Msomi:
@IST Nyeusi hujatapeliwa. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani kabla ya 2008 yana tundu la umbo lilelile, lakini lugha wanayoongea humo ndani siyo ile ya kimataifa. Ndiyo maana Ractis ya 2011 inaitika na IST ya 2004 inanuna. Kuna watu huingiza maagizo maalumu kwenye programu ikakubali, ila siyo kila gari.

Kwa Toyota za umri wa gari yako kuna njia ya bure kabisa. Zima gari. Kwenye tundu lile unganisha pini namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, kisha geuza ufunguo mpaka ON bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini itaanza kukonyeza. Konyezo la kasi lisilo na mapumziko maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza kwa makundi, hesabu: kundi la kwanza ni makumi, la pili ni mamoja. Taa za ABS na eabegi nazo zinaweza kukonyeza, usizichanganye. Na tafadhali sana hakikisha namba za pini kabla ya kugusa. Namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Ukiunganisha hiyo utanitafuta usiku.

IST Nyeusi:
Shukrani fundi. Kesho najaribu, mke asijue.

Msukuma wa Mlimani:
Mimi naleta ya jeki, na sitanii hata kidogo.

Naishi Mwanza, na mnajua nyumba zetu, hata pa kuegeshea ni mteremko. Nilitaka kubadilisha breki pedi mwenyewe. Nikatumia jeki ya mkasi iliyokuja na gari. Nimeweka gia, nimevuta hendibreki, nimejiona mtaalamu. Nimefungua tairi, nimeinama kuchukua spana, nasikia *krrr*. Gari likatembea kama inchi mbili, jeki ikalala ubavu, diski ikatua kwenye changarawe. Mkono wangu ulikuwa umetoka pale sekunde chache tu kabla. Nilikaa chini ya mwembe nusu saa sijasema neno.

Siku hizi: mawe mawili chini ya matairi yaliyobaki, ubao mpana chini ya jeki ili isizame, na stendi za chuma za kukalisha gari. Jozi nilipata kwa 90,000, na hakuna kifaa ninachokipenda kama hizo. Usikalishe gari kwenye tofali la saruji, linapasuka bila kukuaga. Na tairi uliyolifungua lilaze chini ya kizingiti cha mlango, gari likianguka liangukie tairi.

Mama Wawili:
Pole kaka yangu, hapo Mungu alikusimamia.

Mimi niko Dodoma, vita vyangu ni vumbi. Vitz nyeupe, nikiosha asubuhi, saa kumi jioni imeshageuka ya udongo. Kuoshewa nje ni 7,000 kila mara, nikasema hapana. Nikawa naosha kwa dodoki na sabuni ya unga ya kufulia. Baada ya miezi minne nikiangalia boneti juani naona miduara kama utando wa buibui. Kumbe vumbi la huku ni mchanga, na mimi nilikuwa nausugulia kwenye rangi. Hiyo sabuni nayo inakwangua nta yote.

Nilichobadilisha hakikugharimu sana. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Vitambaa vya maikrofaiba, vile vya manyoya laini. Kwanza namwaga maji mengi juu mpaka vumbi lishuke lenyewe, ndipo nashika kitambaa, kuanzia paa kwenda chini. Rimu zina kitambaa chao, hakipandi juu. Na nikikiangusha chini, siku hiyo hakirudi kwenye gari.

Taa za mbele zilikuwa za njano kama yai la kienyeji. Nikasoma mahali kwamba dawa ya meno inasafisha. Inasafisha kweli, kwa wiki tatu. Baadaye nikafanya kwa msasa wa maji: namba 1000, halafu 2000, halafu 3000, pembeni nimezungushia selotepu ya karatasi isile rangi. Ukianza utaogopa, taa inakuwa na ukungu mbaya kuliko mwanzo. Endelea tu. Mwisho polishi, na juu yake dawa ya kuzuia jua, maana jua ndilo lililoiharibu. Bila hiyo ya mwisho umejichosha bure.

Kijana wa Temeke:
Dada Mama Wawili ametaja kuosha, nami nina kidonda. Ile mashine ya kuoshea gari ya betri, ya mkono kama bastola, imeandikwa 88VF kwa maandishi makubwa. Nikajua ni volti 88! Kwenye video maji yanang'oa matope ya trekta. Nyumbani inatoa maji ya kumwagilia mchicha.

Nikafungua betri yake kwa bisibisi. Ndani kuna seli tano, zile za duara kama betri ya tochi. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, mara tano ni 21. Hizo 88 ni namba ya kupendezesha boksi. Hata zile zilizoandikwa 48 na 99 ukizifungua nyingi ni hadithi ileile.

Nisiwe mwongo, siyo takataka. Naishi ghorofa ya tatu, bomba halifiki kwenye maegesho. Natumbukiza mpira wake kwenye dumu la lita 20 na linatosha kusuuzia gari ndogo. Ila ukiwa na bomba na mpira wa bustani, baki na hela yako.

Bin Likoni:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mombasa adui ni chumvi. Gari likilala karibu na bahari, kutu yaanza chini kabla hujaiona juu. Kwa hivyo mpira wangu wa maji kazi yake ya kwanza ni chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, mwili wafuatia.

Jambo jengine ni vichwa vya betri. Vilikuwa vyatoa unga wa kijani na mweupe, asubuhi ufunguo wasema *tik* tu. Nafungua kwa spana 10, hasi kwanza ndipo chanya. Namwaga maji moto yenye kijiko cha magadi, yatoa povu. Nasugua kwa mswaki mkuukuu, nakausha, napaka Vaseline, nafunga chanya kwanza. Gharama yake haifiki bei ya soda.

Kijana wa Temeke:
Sheikh, mimi nilinunua betri mpya kwa tatizo hilohilo 😭

Fundi Msomi:
Ndiyo maana kila mwenye gari awe na mita ndogo ya kupimia volti, hata ya 15,000. Gari ikilala usiku kucha, betri nzima inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Washa injini: inatakiwa ipande 13.8 hadi 14.4 hivi. Isipopanda, betri unaionea, angalia altaneta (inayochaji betri) na mkanda wake. Vipimo viwili, dakika mbili.

Na waya za kubusti (za kuazima umeme kwenye betri ya gari jingine), wakuu. Mteja wangu alikuja na waya nene kama kidole, zimechemka mpaka raba ikanuka. Nikachana kwa wembe: raba ndiyo iliyokuwa nene, ndani nyuzi chache tu, nikazikwangua zikatoa weupe. Alminiamu iliyopakwa shaba. Ukinunua, omba uone ncha yake.

Kwa wanaomwaga oili wenyewe nina mawili. Injini ya 1NZ inakula lita 3.7 pamoja na filta, dumu la lita 4 usilimimine lote kwa kuwa umelilipia. Na nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), namba 14, siyo ya kuning'inia na bomba ukiikaza. Nyuzi zikiliwa ndipo mnaleta gari kwa winchi huku mnasema "ilikuwa inavuja kidogo tu". Filta funga kwa mkono. Kile kikombe cha kufungulia filta, milimita 65 kwa Toyota nyingi ndogo, ni cha kufungulia.

Baba Ractis:
Fundi umenigusa, lita 4 nilikuwa namimina zote 🙈

Msukuma wa Mlimani:
Hakuna aliyetaja pampu ya upepo ya kuchomeka?

Mama Wawili:
Ninayo, 45,000. Inafanya kazi lakini ina masharti. Injini iwe inanguruma. Isifanye kazi zaidi ya dakika kumi bila kupumzika, inachemka hadi haishikiki. Fyuzi ya soketi ya kwangu iliungua siku ya kwanza kwa sababu nilikuwa nachaji na simu kwenye soketi hiyohiyo kwa kigawanyio.

Saa yake ya kupimia upepo usiiamini. Yangu inasema 35 wakati kipimo cha mkononi kinasema 30. Kipimo cha mkononi nilinunua 10,000. Upepo sahihi umeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Kwangu ni 220 kPa, ambazo ni 32 za vijana wa pancha. Pima asubuhi kabla gari halijatembea.

Baba Ractis:
Nimesoma hii nikashuka na kipimo cha jirani saa hizi. Stika inasema 230, yaani 33. Mbele kulia 32, mbele kushoto 31, nyuma kulia 31. Nyuma kushoto... 19. Nimemulika tochi, kuna kichwa cha msumari kinang'aa katikati ya kashata (meno ya tairi). Sijui nimetembea nacho tangu lini. Na nilikuwa nalaumu barabara kwamba gari inavuta kushoto.

Kijana wa Temeke:
Usiuchomoe usiku huu mkuu! Acha ukae humo hadi asubuhi, jaza upepo, nenda kwa wa pancha.

IST Nyeusi:
Wakuu, mrejesho. Nimeunganisha 4 na 13 kwa kibanio cha karatasi, nimeviringisha selotepu katikati. Taa imekonyeza kweli! Ila mimi nimehesabu mbili na tano, mwanangu anasema mbili na sita, mke (ameshajua) anasema nyote hamjui kuhesabu. Nimerekodi video, tunaiangalia polepole.