Naomba ushauri: mwenzetu huja kazini na bastola chini ya koti

Ndugu wanachama, poleni na majukumu. Mimi ni msimamizi wa ghala la mahindi Kibaigwa, wilayani Kongwa, na naomba ushauri wenu, hasa wanasheria na maofisa utumishi.

Mhasibu wetu huja kazini na bastola aliyoificha chini ya koti. Leseni anayo, nimeiona, na sababu yake ina uzito, kwa kuwa msimu wa mavuno fedha taslimu nyingi hupita mikononi mwake. Lakini chumba chake ni kidogo, wakulima na makuli huingia wakibishana juu ya mizani na bei, na mara nyingine koti hilo huachwa likining'inia kitini, silaha ikiwa ndani, yeye akiwa ameenda kula. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimezungumza naye kwa heshima, akajibu kwamba leseni inamtosha. Mwajiri naye anasema mkataba haukatazi.

Nafahamu kuwa ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda walio kazini. Je, mwajiri anaweza kukataza silaha katika eneo lake hata kama mwenye nayo ana leseni, au angalau kumtaka aifungie kwenye sefu? Na mwajiri akiendelea kunyamaza, nianzie kwa mkuu wa polisi wa wilaya au kwa mkaguzi wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi), bila kumharibia mwenzangu kazi yake?