Premed mwaka wa pili: krediti 18 na zamu mbili za usiku. Nipunguze nini?

KotiJeupe (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za humu.

Niko Houston, Agosti naingia mwaka wa pili. Meja yangu (somo kuu la digrii) ni baiolojia, nipo njia ya premed. Kwa wasiojua, huku Marekani huingii udaktari ukitoka sekondari. Unasoma digrii ya kwanza, unakusanya masomo ya sayansi wanayoyataka, unapiga mtihani wa MCAT, ndipo unaomba nafasi. Baba hili bado halijamwingia. Binamu yangu alimaliza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) akaenda moja kwa moja kusoma MD nyumbani, basi kila tukipiga simu Bongo, simu ikikatwa naulizwa: "Mwenzio anagusa wagonjwa, wewe bado na kemia?"

Nimesajili hizi, kwenye mabano ni krediti, yaani uzito wa kozi: Kemia Ogani I na maabara yake (4), Fizikia I na maabara (4), Jenetiki na maabara (4), Takwimu (3) na Saikolojia (3). Jumla 18.

Nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee, Ijumaa na Jumapili, saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi. Kuacha siwezi, ndiyo inayolipa gari na nyumbani nachangia. GPA, wastani wa alama, ni 3.6 kati ya 4.0. Mshauri wa masomo alitazama skrini akasema "inawezekana", akaniuliza kama nina swali jingine. Baba anataka nibebe hata zaidi nimalize miaka mitatu tuokoe ada.

Niende nayo hivyo hivyo? Kama ni kupunguza, niguse ipi? Natanguliza shukrani.

Mbeba Boksi Mstaafu

Karatasi zako zikoje kwanza? Kama una viza ya mwanafunzi, F-1, hizo zamu tu ni kesi tosha, usije hata kuziandika humu.

KotiJeupe

Hapana mkuu, tulikuja familia nzima kwa green card. Napata Pell, ile ruzuku ya masomo ya serikali.

Mbeba Boksi Mstaafu

Sawa, hapo umepona. Ila kwa wanaosoma na wako F-1: usishuke chini ya krediti 12 kwa semista bila ofisi ya wanafunzi wa kigeni kukuidhinishia kwa maandishi. Na bila kibali maalumu kazi ni ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Naendelea kunywa chai, wataalamu njooni.

Retoti

Nasimamia maabara za kemia kama msaidizi wa kufundisha, niko masomo ya uzamili. Dada, wewe unahesabu krediti, mimi nahesabu saa. Maabara ya Ogani ni krediti 1 kwenye karatasi, lakini utasimama humo saa nne, na kabla hujaingia daftari liwe limeshaandikwa: miundo ya molekuli, uzito, kiwango cha kuyeyuka, hatari za kila kemikali. Ukitoka, ripoti inakusubiri.

Chukua ratiba yako. Pindi ni saa 15 kwa wiki. Maabara tatu, tuseme saa 10. Kazi 24. Kusoma mwenyewe, ukiweka saa mbili kwa kila saa ya pindi, ni 30, na ripoti za maabara hazijaingia. Hapo uko 79. Lala saa saba kila siku, ni 49 nyingine. Wiki ina saa 168. Zilizobaki ni 40 za kula, kufua, ibada, ripoti na foleni ya barabara ya I-45.

Kwa hesabu inaingia. Tatizo ni kwamba saa hizo hazina nguvu sawa. Unatoka zamu Jumatatu asubuhi saa moja. Ogani huwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa vyuo vingi. Yako saa ngapi?

KotiJeupe

Saa tatu asubuhi 🙈

Retoti

Ndiyo hiyo. Masaa mawili toka ushuke zamu, unatazama mwalimu anachora mishale ya elektroni. Utanakili vizuri tu, na hutaelewa kitu. Ogani haidesiki usiku wa kuamkia mtihani. Inataka mkono wako uchore mmenyuko mmoja mara nyingi, kidogo kidogo, kila siku.

Mwana Msuli

Wakuu tusimtishe mtoto wa watu. Krediti 18 watu wanapiga na A wanavuna. Ni kukomaa tu, na kikundi kizuri cha msuli. Premed ni mashindano. Kamati zinapenda mtu aliyebeba mzigo mzito.

Nesi wa Zamu

@Mwana Msuli wanaopiga 18 wakavuna A, wangapi wanageuza wagonjwa usiku kucha Jumapili? Tuulizane hilo kwanza.

Mdogo wangu, hiyo kazi usiione kama kikwazo cha udaktari. Wenzako wanatafuta pa kujitolea ili waandike "nimekuwa karibu na wagonjwa". Wewe unamwogesha bibi mwenye kiharusi, unajua akikunja uso vile maumivu yamezidi, unajua kumpigia nesi simu ya dharura. Saa hizo zinaandikwa kwenye maombi na zina uzito. Kwa hiyo ukipunguza, punguza darasani. Zamu ya Jumapili ndiyo uihamishe. Omba Ijumaa na Jumamosi. Nyumba nyingi za wazee zinalia watu wa wikendi, meneja atakubali kabla hujamaliza sentensi.

Mzazi Dallas

Binti yangu yuko mwaka wa kwanza wa udaktari hapa hapa Texas. Mwambie baba yako mambo mawili, tena kwa utulivu.

Kwanza, alama hazifutiki. Ukipata C ya Ogani ukairudia ukapata A, mfumo wa maombi wa Texas, TMDSAS, unahesabu zote mbili. Ule wa kitaifa, AMCAS, ni hivyo hivyo. Na GPA ya sayansi wanaikokotoa kando, kwa hiyo Saikolojia haitakuja kukuokoa. Wanaoingia udaktari miaka hii wastani wao unagusa 3.8. Uko 3.6, unapanda mlima, huna nafasi ya kuteleza.

Pili, kumaliza miaka mitatu hakumfikishi mtu haraka. Ukimaliza digrii huku MCAT hujaiva, utakaa nyumbani mwaka mzima ukisubiri. Isitoshe, wengi wanaoingia siku hizi wamekaa mwaka mmoja au zaidi baada ya digrii, wakifanya kazi. Hakuna anayewacheka.

Halafu jambo la Texas ambalo washauri wengi wanalipitia juu juu: katika vyuo vya umma, mwanafunzi wa digrii ya kwanza haruhusiwi kuacha kozi zaidi ya sita maisha yake yote ya digrii hiyo. Ukiacha kabla ya siku ya 12 ya masomo ya semista, haihesabiwi wala transkripti haionyeshi W, alama ya kozi iliyoachwa. Ikipita hapo, inahesabiwa. Kama utapima maji, pima mapema.

KotiJeupe

Hii ya siku ya 12 sikuwa naijua kabisa. Asante sana mzee wangu. Basi nimeamua kupunguza. Nafikiria kuisogeza Jenetiki Januari, nibaki na 14.

Retoti

Subiri. Januari una nini?

KotiJeupe

Ogani II na Fizikia II, zote na maabara.

Retoti

Ukiongeza Jenetiki ni maabara tatu tena. Huo mzigo hujautua, umeuhamishia bega la pili.

Kwa premed, uti wa mgongo ni kemia: Kemia ya Jumla I na II, Ogani I na II, kisha Biokemia. Semista tano, kila moja inafungua mlango wa inayofuata. Hiyo huigusi, maana ukiiruka semista moja unaweza kungoja mwaka. Vingine vyote vinapangwa kuizunguka. Jenetiki ipeleke mwaka wa tatu ukae nayo pamoja na Biokemia, zinasaidiana sana. Au uichukue kiangazi, kama idara yenu inaifundisha.

Mwana Msuli

Si asukume Fizikia? Jenetiki ndiyo ya meja yake.

Retoti

Swali zuri, na kwa mwingine ningesema hivyo. Ila Fizikia ni semista mbili zinazofuatana na ipo kwenye MCAT. Akiisukuma mwaka wa tatu, atakuwa na Fizikia II masika yale yale anayojiandaa na mtihani unaochukua saa saba na nusu. Dada, angalia tu kama kuna kozi za juu za baiolojia zinazodai Jenetiki kwanza, usije ukajifungia.

Nesi wa Zamu

Na Takwimu usiitoe. Vyuo vingi vya udaktari vya Texas vinaitaka, na haina maabara. Saikolojia nayo iache, iko kwenye MCAT tangu 2015. Mtu asikushawishi uziondoe zote mbili ubaki na 8, Pell itakatwa. Malipo kamili yanaanzia 12.

KotiJeupe

Nimerudi na majibu. Jenetiki hapa ipo kila semista, na kozi mbili zinazoidai nilikuwa nimezipanga mwaka wa nne, kwa hiyo inakwenda mwaka wa tatu na Biokemia. Agosti nabaki na Ogani, Fizikia, Takwimu, Saikolojia: 14, maabara mbili. Meneja amekubali Ijumaa na Jumamosi kuanzia wiki ya kwanza ya masomo. Baba nimemwonyesha ile ya alama mbili kuhesabiwa, amenyamaza, kisha akauliza MCAT inalipiwa bei gani.

Mzazi Dallas

Akishauliza bei ujue ameelewa. Mwambie kuna msaada wa ada kwa familia zenye kipato kidogo, unaitwa Fee Assistance Program, wa AAMC wenyewe, chama cha vyuo vya udaktari kinachoendesha MCAT. Unapunguza ada ya mtihani na kuwapa vifaa vya kujiandaa. Ila muombe KABLA ya kusajili mtihani, hawarudishi hela uliyokwisha kulipa.

Nesi wa Zamu

Maabara ya Ogani iko siku gani? Isije ikawa Ijumaa mchana.

KotiJeupe

Alhamisi saa saba mchana. Ya Fizikia Jumanne.

Nesi wa Zamu

Safi. Ijumaa baada ya pindi lala mpaka saa kumi na moja jioni, simu izime, ndipo uende zamu.