Tunatenganishaje mzunguko wa galaksi na mwendo wake ndani ya kundi changa?

Mwalimu wa Mbale:
Ndugu zangu, nafundisha fizikia kidato cha sita, na wanafunzi wangu wameuliza swali ninalotaka kulijibu kikamilifu. Galaksi iliyo katika kundi changa hujizungusha, huvutwa huku na huku na galaksi jirani, na pia huchukuliwa na kupanuka kwa ulimwengu. Ikiwa yote matatu hubadilisha urefu wa mawimbi ya mwanga, wanaastronomia huyatenganisha vipi?

Mtazamanyota, Kampala:
Mwalimu, wapongeze wanafunzi hao. Chukua kundi la SPT2349-56, ambalo tunaliona lilivyokuwa miaka bilioni 1.4 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Mwaka 2018 wanaastronomia walitangaza kwamba antena za ALMA, nchini Chile, zilionyesha galaksi 14 zilizosongamana humo. Mawimbi yanayotolewa na kaboni iliyopoteza elektroni moja huwa na urefu wa maikromita 158, lakini kutoka huko yalitufikia yakiwa na takriban 840. Urefu huo ulioongezeka zaidi ya mara tano kwa galaksi zote kwa pamoja ndio alama ya kupanuka kwa ulimwengu.

Kisha hupimwa jinsi kila galaksi inavyotofautiana na wastani wa kundi: ndani ya kundi, iliyo na mawimbi mafupi kidogo inasogea upande wetu, iliyo na marefu zaidi inatukimbia, kwa kasi inayoweza kufikia mamia ya kilomita kwa sekunde. Mzunguko hutafutwa ndani ya galaksi moja, kwa kulinganisha ukingo unaotukaribia na ule unaotuacha. Galaksi iliyotuelekezea uso wake wote haitaonyesha tofauti hiyo, hata ikizunguka kwa kasi.

Mhandisi, Mbarara:
Naongeza tahadhari ambayo naiona muhimu kuliko hesabu yenyewe. Galaksi mbili zinazogongana, zikitazamwa kwa darubini isiyopambanua vizuri, huweza kudhaniwa kuwa moja inayozunguka, na katika makundi machanga migongano ni mingi. Aidha, mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky alitumia kasi za galaksi za kundi la Coma kukadiria uzito wake, akahitimisha kwamba lina maada isiyoonekana. Njia hiyo hudai kundi liwe limetulia, ilhali kundi changa bado linapokea galaksi mpya.

Mwalimu wa Mbale:
Nashukuru sana. Je, kasi hizo zinatosha kujua njia kamili ya kila galaksi?

Mtazamanyota, Kampala:
Hapana, Mwalimu. Mawimbi hutupa tu mwendo wa kutujia au kutuacha. Mwendo wa kukatiza anga hauwezi kupimwa kwa umbali huo, hivyo njia hizo hukadiriwa kwa mifano ya kompyuta.