Cork City 2010: kutoka ubingwa hadi kufilisiwa, kosa lilikuwa wapi?

Beki_Tatu: Wakuu, Cork City walibeba ligi ya Ireland 2005, Februari 2010 kampuni ikafilisiwa mahakamani. Mashabiki walikuwepo. Pesa ilipotelea wapi?

Daftari: Mishahara, mkuu. Arkaga, mfuko wa uwekezaji ulioichukua klabu 2007, ulikata fedha 2008. Mwekezaji akiondoka, mikataba ya wachezaji inabaki palepale na viingilio vya mlangoni haviitoshi. Wakaomba ulinzi wa Mahakama Kuu dhidi ya wadai. Ulinzi huo kikomo chake kilikuwa siku 100. Humo lazima apatikane mnunuzi na wadai wakubali kulipwa sehemu tu. Mnunuzi akapatikana, ila deni la kodi likaota upya, na hilo ndilo lililowaua. Kodi inayokatwa kwenye mshahara si mali ya klabu kabisa! Timu ikikaukiwa huchota hapo kwanza, kwa sababu mchezaji anapokea chake kamili na hastuki, huku riba ikipanda.

Kona: Na sheria ilikuwepo: mishahara isizidi 65% ya mapato. Shida ni kwamba mapato ni makadirio, ukiyatia chumvi unapita. Derry City wao walitumia mikataba ya pili ya siri, wakafukuzwa ligi 2009.

Daftari: Kilichoiokoa Cork ni FORAS, ushirika wa mashabiki. Walianza upya daraja la kwanza 2010, wakapanda 2011, na 2017 wakabeba ligi na kombe.