Bolti imevunjikia kwenye bloku ya Probox: nichomelee nati, nitoboe, au nishushe injini?

Dereva_wa_Pongwe
Wakuu, habari za jioni. Nilikuwa nabadilisha pampu ya maji ya Probox, injini ya 1NZ, hapa nyumbani. Bolti mbili za spana namba 10 zilitoka kwa amani. Ya tatu ikazunguka kama imekubali, kumbe inajinyonga. Imekatikia katikati, pampu nimeitoa, na kisiki kimechomoza kwenye bloku kama milimita 3. Nakimwagia WD-40, ile dawa ya kulegeza kutu, tangu jana. Fundi wa jirani anasema tutoboe, mwingine anasema tuchomelee nati, shemeji yangu anasema injini ishuke. Bloku ni ya alumini, ndiyo inayonitia hofu. Nianze na lipi?

Spana_Kumi
Shukuru kwa hizo milimita 3. Wengi huja hapa bolti imekatika sawasawa na uso wa bloku.

Anza na lisilo na gharama. Pasha moto alumini inayozunguka bolti, usipashe bolti yenyewe. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linalegea kabla kisiki hakijavimba. Moto uwe wa kiasi: alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, ya bloku hata chini ya hapo, na haiwi nyekundu kukuonya. Bado ikiwa ya moto, gusisha mshumaa kwenye mzizi wa kisiki, nta itavutwa ndani ya hesi, ile mizunguko ya bolti. Kisha kamata kwa vaisigripu, koleo la kujifunga: kaza kidogo, fungua kidogo, kaza, fungua. Ukiielekeza upande mmoja tu utainyonga tena. Na hiyo WD-40 ifute kwanza kabla hujawasha moto, ndugu yangu.

Mtu_wa_Grogan
Nakubali kuhusu moto, vaisigripu siikubali. Bolti yenye unene wa milimita 6 iliyokwisha kunyongwa ni laini, itamung'unywa mpaka kisiki kiishe, halafu hata nati hutakuwa na pa kuichomelea. Jaribu mara moja, ikiteleza, acha.

Huku Nairobi sisi huenda moja kwa moja kwa nati. Chukua nati ya bolti ya 8, iweke juu ya kisiki, jaza kwa kuchomelea kupitia tundu la nati kuanzia katikati. Kinachosaidia si ile nati peke yake. Bolti inapata moto mkali, inataka kutanuka, inabanwa, ikipoa inasinyaa na kutu inaachia. Ngoja wekundu uishe, ndipo uweke spana. Wala usiogope bloku: weldi ya chuma haishiki alumini. Lakini tafuta mwenye mashine ya waya, wale wanaonyosha bodi za magari wanayo. Ya vijiti kwa bolti ndogo hivi inahitaji mkono mtulivu sana.

Toa kichwa cha betri upande wa hasi, na waya wa ethi wa mashine ubanwe kwenye bloku hapo hapo karibu. Fan belti toa, mipira yote funika kwa kitambaa kibichi.

Dereva_wa_Pongwe
Na vile vifaa vyenye hesi za kushoto, unatoboa katikati unakizungusha ndani? Dukani wanauza seti nzima bei poa.

Kerezo_Ilala
Mkuu, achana navyo. Wateja wangu nusu wanaletwa na hivyo vifaa.

Kwa bolti ya 6 itabidi utoboe tundu la milimita 3 hivi, na kifaa cha kuingia humo ni chembamba kama msumari. Kama spana na kichwa kizima cha bolti vimeshindwa kuitoa, kimsumari kitaweza wapi? Kikikatikia ndani, umebadilisha chuma laini kwa chuma kigumu ambacho drili ya kawaida haikwaruzi. Tena kadiri unavyokizungusha ndivyo kinavyopanua bolti ikazidi kubana. Vinafaa kwa bolti kubwa ambayo haijashikwa na kutu, imekatika tu kwa kukazwa kupita kiasi.

Ukilazimika kutoboa, tafuta drili inayokata kinyume, mara nyingine bolti hutoka nayo yenyewe. Piga senta panchi katikati kabisa. Ukienda pembeni drili itakimbilia kwenye alumini kwa kuwa ndiyo laini. Mwisho wa safari ni drili ya 5 na tapu (ya kuchonga hesi) ya 6 kwa 1. Hesi zikiharibika, inawekwa hesi mpya ya springi. Tatizo lako ni nafasi: pampu ya 1NZ imetazama ubavu wa gari, drili ya kawaida haikai wima pale. Hapo ndipo shemeji yako anapopata hoja. Vinginevyo, nati.

Makadara_1
Mafundi saa wa zamani walikuwa wakichemsha kipande cha shaba kwenye maji ya shabu, skrubu ya chuma iliyovunjikia ndani inalika yenyewe. Bloku utaichemsha kwenye sufuria gani sijui 😂

Dereva_wa_Pongwe
Mrejesho. Vaisigripu iliteleza mara ya kwanza tu, nikaacha kama nilivyoambiwa. Leo nimemwita kijana wa bodi na mashine yake. Nati ya kwanza ilibanduka, ya pili ikabanduka, ya tatu tukaipa moto zaidi, nikaiacha ipoe, nikagusisha mshumaa. Ikalia "kwii" ikatoka na unga wa kutu. Kanitoza elfu kumi na tano na soda.

Kerezo_Ilala
Safi. Pitisha tapu kwa mkono kusafisha hesi, bolti zote weka mpya. Na kwenye rejeta ulikuwa unatia nini?

Dereva_wa_Pongwe
Maji ya bomba, mkuu.

Kerezo_Ilala
Nilijua.