Matusi kati ya wafanyakazi wenza: mpaka uwekwe wapi?

KaraniWaGereji aliuliza:

Wadau, habari zenu. Naandika kanuni za nidhamu za gereji moja hapa Industrial Area, Nairobi. Wafanyakazi ni 34: mafundi wa injini, wa umeme, wa bodi na rangi, watu wa stoo, na sita wa ofisini. Kuna pia wanafunzi wanne wa mafunzo ya kazini. Mkurugenzi anataka kifungu kimoja kifupi: "Matusi ni marufuku. Atakayetukana atakatwa shilingi 500 kwenye mshahara, na akirudia atafutwa kazi." Mafundi nao wanasema kule chini matusi ni mazungumzo, hakuna anayeumia.

Nataka kuandika kitu kitakachosimama. Je, mfanyakazi kumtukana mwenzake wa ngazi moja ni kosa la kumfuta kisheria, au ni akimtukana mkubwa tu? Hiyo faini inaruhusiwa? Na nitaandikaje ili fundi aliyejigonga kidole na nyundo asijikute mbele ya kamati pamoja na yule anayemdhalilisha mwenzake kila asubuhi? Kuna pia kundi la WhatsApp la kazi, ambako mambo huchacha zaidi usiku.

SheriaYaKazi alijibu:

Faini iondoe leo kabla hujaandika neno lingine. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya: hasara aliyosababisha mfanyakazi kwa makusudi, siku aliyokosa kazini bila ruhusa, pesa alizolipwa kimakosa na kadhalika. Faini ya ulimi haimo. Ukikata hiyo 500 umemkosea mfanyakazi wewe, na siku ya kesi ndilo jambo la kwanza wakili wake atakaloweka mezani.

Kuhusu kufuta, wengi husoma kifungu cha 44(4)(d) haraka. Kinasema mfanyakazi anaweza kuachishwa kazi papo hapo akitumia lugha ya matusi, au akionyesha tabia ya kudhalilisha, dhidi ya mwajiri wake au mtu aliyewekwa na mwajiri kumsimamia. Yaani tusi linalopanda juu. Tusi la fundi kwa fundi halimo katika maneno ya aya hiyo. Orodha ya 44(4) haifungi mlango kwa makosa mengine mazito, lakini hapo mzigo wa kuonyesha uzito ni wako, na ni mwepesi zaidi kama kanuni zenu zenyewe zilishalitaja kosa hilo na mfanyakazi alizisoma. Ndiyo maana kazi unayofanya ina maana hata kama hamjafika 50. Kifungu cha 12 kinachodai kanuni za nidhamu ziandikwe kinawagusa waajiri wa watu 50 na zaidi. Hilo lisikufanye uache.

Ila kuna kitu ambacho kwa watu 34 ni lazima. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji wa kijinsia, na kifungu hicho kinahesabu lugha ya kingono, ya mdomo au ya maandishi. Matusi mengi ya gereji ni ya mwili wa mtu. Yakimlenga dada wa stoo au wa risepsheni, usiyapitishe kwenye kanuni ya "lugha chafu". Yapitishe kwenye sera hiyo, ambayo ina njia yake ya kulalamika.

Na hata kwa kosa la kuachishwa papo hapo, kifungu cha 41 hakirukwi. Unamweleza mtu kosa kwa lugha anayoielewa, anakuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe, na unamsikiliza kabla ya kuamua. Ukiruka hapo, mahakama inaweza kukuamuru ulipe hadi mishahara ya miezi 12, hata kama tusi lilitoka kweli.

MwalimuWaLugha alijibu:

Kwenye swali la tatu, usianze kwa kutengeneza orodha ya maneno. Orodha itakuponyoka. Anza na mwelekeo: neno lilirushwa kwa nani? "Mavi!" ya mtu aliyeteleza spana ni mshangao. "Wewe ni mavi" ni tusi. Ni neno lile lile, lakini la pili limempata mtu.

Baada ya mwelekeo, tazama aina. Waswahili wana jina lake kabisa, matusi ya nguoni, yaani yanayotaja sehemu za siri, na mabaya zaidi ni yale yanayomhusisha mama wa mtu. Haya yasiwe na "nilikuwa nacheza". Wengi wa wenzako wana lugha tatu vichwani, na tusi la Kiingereza wanalisikia kwa mbali, kama la kwenye televisheni. Hilo hilo likitamkwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama linaingia mfupani. Basi usikubali utetezi wa "mbona yeye alisema kwa Kiingereza hakuadhibiwa" bila kuuliza aliyetukanwa alilipokeaje.

Halafu kuna dharau isiyo na neno chafu hata moja, na hii ndiyo inayopita katikati ya vidole vya kanuni nyingi. Sikiliza watu wa Nairobi wakigombana: "Mjinga hii." "Mbwa hii." Hiyo "hii" imemtoa mtu katika ngeli ya watu na kumweka pamoja na vitu. Mwite fundi wa miaka 55 "wewe kijana" mbele ya wanafunzi wake, umemvua nguo. Wazee bado wanakumbuka "boi" ya walowezi, na "shenzi" waliyowatupia vibarua. Kufyonya nako, mtu akiongea, ni tusi kamili. Nashauri kanuni iseme "maneno, sauti au ishara".

Tahadhari moja: kuna maneno yasiyo na ubaya katika lugha moja ambayo masikioni mwa jirani ni uchafu mtupu. Muulize msemaji alimaanisha nini kabla ya kuandika barua.

Mzee_wa_Nidhamu alijibu:

Nyinyi mnazungukazunguka. Kazi ni kazi. Piga marufuku kila neno chafu, popote, kwa yeyote. Mtu akizoea kulitupia gari, kesho atamtupia mtu.

FundiMkuu_Grogan alijibu:

Mzee, heshima zako, lakini kanuni isiyoweza kushikwa ni mbaya kuliko kukosa kanuni. Ukimfuta mmoja kwa neno ambalo kumi walilisema wiki hiyo hiyo mbele ya supavaiza aliyenyamaza, huyo mmoja atauliza mbele ya hakimu, "Kwa nini mimi?" na hutakuwa na jibu. Piga marufuku kile ambacho uko tayari kukifuatilia kila siku, hata akikosea fundi wako bora zaidi.

Karani, kule chini gawanya kwa mahali na saa. Mapokezi, kaunta ya stoo na mahali pa kulipia: hakuna lugha chafu ya aina yoyote, hata ya kushangaa, kwa sababu mteja yupo. Pima sauti kwanza. Simama penye kiti cha mteja kompresa (mashine ya kubana hewa) ikiwa imezimwa, mwambie mtu aongee kawaida kwenye nafasi ya pili ya kutengenezea magari. Kompresa ikizimika ghafla, watu bado wanaongea kwa sauti ya kushindana nayo, na hapo ndipo mteja husikia yote.

Ndani kabisa, mshangao uache. Lakini tenga jambo la hatari. Gari likianza kuteleza kwenye jeki, kuna mafundi wanaofyatua tusi badala ya amri. Tusi halimwambii mtu aende wapi. Aliye chini ya gari anapoteza nusu sekunde akigeuka kutazama nani anamtukana. Fundisheni maneno mawili tu, "Toka!" na "Simama!", na yasitumike kwa utani kamwe. Atakayefyatua tusi wakati ule asiadhibiwe, ila arudishwe kwenye mazoezi.

Wanafunzi wa mafunzo ndio ninaowahurumia. Ndio hutukanwa zaidi na ndio wasiolalamika, kwa kuwa fundi yule yule ndiye anayejaza kitabu chao cha ripoti. Andika wazi kwamba kanuni inawalinda, na wape mtu wa ofisini wa kumwendea ambaye hawasimamii kazi. Mwanafunzi anayetukanwa akiuliza swali ataacha kuuliza, kisha atafunga boliti za kichwa cha injini bila kufuata mpangilio, na gasketi itaungua kwa mteja.

Na usibadilishe faini ya mshahara kwa mkebe wa "tusi moja shilingi 50". Mwenye pesa atakuwa amenunua ruhusa.

Mwakilishi_LungaLunga alijibu:

Wote mmeongea kama tusi linatoka chini tu. Kule viwandani mengi hushuka kutoka juu. 44(4)(d) inamlinda msimamizi, sawa, lakini Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya heshima ya utu wake, na cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Mfanyakazi akitukanwa na bosi mpaka akalazimika kuacha kazi, mahakama zetu zinaweza kuhesabu kwamba alifutwa. Kanuni ya Karani ikimwacha mkurugenzi nje, mimi nikiwa mwakilishi siisaini.

Pia uliza nani alianza. Mara nyingi barua inaandikiwa aliyejibu, kwa sababu yeye ndiye aliyesikika. Uchokozi haufuti kosa, lakini unapunguza adhabu, na ni lazima uwe kwenye kumbukumbu.

Matusi ya kabila msiyaweke fungu moja na "lugha chafu". Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ina kosa la unyanyasaji kwa misingi ya kikabila, na kifungu cha 13 cha matamshi ya chuki kinaweza kumletea mtu faini ya hadi shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Wakati wa uchaguzi maneno hayo huvaa mafumbo. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilitaja hata "madoadoa" na "kwekwe" kati ya maneno ya kuepukwa. Neno kama hilo kwenye kundi la kazi lishughulikiwe siku hiyo hiyo.

SheriaYaKazi alijibu:

Nakubaliana na Mwakilishi. Nirudi kwenye ushahidi, maana hapo ndipo kesi nyingi hufia.

Kosa kubwa la makarani ni adabu. Wanaandika "alitumia lugha isiyofaa." Hakimu hawezi kupima uzito wa "isiyofaa". Andika neno lenyewe, kwa lugha iliyotumika, ndani ya alama za kunukuu, hata kama kalamu inatetemeka. Tafsiri ifuate chini. Ongeza saa, mahali, nani alikuwepo, na nini kilisemwa kabla yake. Mashahidi waandike kila mtu peke yake, siku hiyo hiyo. Taarifa tatu zenye sentensi zinazofanana neno kwa neno hazina uzito wa hata moja.

Barua ya kumtaka ajieleze itaje maneno hayo. Sheria haitoi idadi ya saa za kujibu. Saa 48 hadi 72 ndizo zinazotumika sana na zinaonekana za haki. Kikao kiwe na kumbukumbu, na aliyetukanwa asikae upande wa waamuzi. Ukiamua kumfuta, mlipe stahili zake zote hadi siku ile na umpe hati yake ya utumishi. Ana miezi mitatu kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba.

WhatsApp: kama kundi lilifunguliwa kwa kazi na linatumika kupanga kazi, saa tano usiku haligeuki kuwa baa. Lisemwe hivyo kwenye kanuni. Picha ya skrini peke yake haitoshi mahakamani. Ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kikieleza simu gani ilitumika na nani aliutoa. Basi usifute ujumbe kwa hasira. Toa mazungumzo yote pamoja na tarehe kwanza, ndipo msimamizi wa kundi aufute.

KaraniWaGereji alijibu:

Asanteni sana, nimeandika upya. Someni:

"Ni kosa kumtusi au kumdhalilisha mfanyakazi mwenzako kwa maneno, sauti, ishara au maandishi, pamoja na kundi la WhatsApp la kazi. Kanuni hii inawahusu mkurugenzi, wasimamizi na wafanyakazi wote. Mshangao usiomlenga mtu si kosa, isipokuwa mapokezi na mahali palipo na mteja. Matusi ya nguoni yanayomlenga mtu, ya kabila, ya dini au ya kingono ni kosa zito. Mengine: onyo la mdomo lililoandikwa kwenye faili, kisha onyo la maandishi la miezi sita, kisha kikao cha nidhamu."

SheriaYaKazi alijibu:

Imekaa vizuri. Badilisha "mfanyakazi mwenzako" iwe "mtu yeyote aliye mahali pa kazi", la sivyo wale wanafunzi wanne na mteja wamebaki nje. Ongeza ulemavu kwenye lile kundi la makosa mazito. Baada ya "kosa zito" ongeza "linaloweza kumfikisha mtu moja kwa moja kwenye kikao cha nidhamu", ili mtu asidai kwamba alipaswa kupewa maonyo mawili kwanza. Na useme kwamba anayelalamika kwa nia njema hataadhibiwa. Kifungu cha 46 hakikubali malalamiko dhidi ya mwajiri kuwa sababu ya kumfuta mtu.

Ichapishwe kwa Kiswahili na Kiingereza, isomwe kwa sauti wakati wa kuanza zamu, na kila mmoja asaini nakala yake na tarehe. Saini ya kwanza iwe ya mkurugenzi.

KaraniWaGereji alijibu:

Nimeongeza. Jumatatu saa mbili asubuhi naisoma pale kwenye nafasi ya kwanza ya kutengenezea magari, kompresa ikiwa imezimwa.